Mkono Ulioshika Birika

Mjukuu wangu, sogea hapa barazani ukae. Simu ilaze kifudifudi kwanza. Sikugombezi, na basi lako la Tanga bado halijafika huko ng'ambo Pangani. Kutoka hapa Bweni tutaliona likiingia. Nina neno limenikaa kooni tangu jana usiku, na mtu wa umri wangu hapati usingizi na neno kooni.

Jana baada ya chakula cha Idi ulinionyesha picha zako. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Nilikuona umesimama kwenye ukingo wa Ngorongoro, bonde lote limetandazwa nyuma yako. Nikakuona Nungwi, jua linazama. Nikakuona Chemka, maji ya buluu mpaka mawe ya chini yanahesabika, umejirusha kwa kamba, miguu juu. Ulikuwa ukizisukuma kwa kidole upesi upesi, na kila moja ukisema, "Ngoja kwanza, babu, uione hii."

Nikangoja. Picha 4,000 na ushee, ulisema mwenyewe. Nikangoja niione nyumba hii. Nikangoja nimwone mama yako. Nikangoja nimwone bibi yako, aliyekulea miaka saba wakati mama yako yuko Dar anahangaika na maisha. Hawakuja.

Halafu ukaenda pale mlangoni kupiga picha ya mto wakati wa magharibi. Bibi yako akapita na sinia la vitumbua. Ukamwambia, "Bibi, sogea kidogo, unaziba."

Akasogea. Hakukasirika, bibi yako hana hasira nawe. Lakini mimi kitumbua kilinishinda kumeza, kwa sababu neno kama hilo nililisema mimi, katika uwanja huu huu, na najua lilinifikisha wapi.

Mwaka 1969 nilikuwa utingo wa lori lililotoka Tanga kwenda Moshi na Arusha. Nina miaka 22, nina mgongo wa kubeba magunia na macho yasiyoshiba. Nikanunua kamera kuukuu kwa baharia mmoja pale bandarini Tanga, kwa fedha niliyoiweka miezi mitatu kwa kula mihogo mitupu. Mkanda mmoja ulitoa picha 36, basi. Zikiisha, kuzisafisha ni fedha nyingine. Kwa hiyo kila picha niliipiga kwa kuchagua.

Na nilichagua nini? Nilichagua Kilimanjaro alfajiri, kutokea Himo. Nikachagua lori letu, mbele na ubavuni. Nikachagua mkonge wa Korogwe, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Nikachagua marafiki zangu na suruali zao za bugaluu. Nikarudi Bweni na bahasha imetuna, nikazitandaza mkekani uani, majirani wakaja kutazama.

Mama yangu akaja na taa ya chemli, akachuchumaa, akazitazama moja moja. Hakuwahi kwenda mbali kuliko Tanga mjini. Aliustaajabia mlima, akauliza ile nyeupe ya juu ni chumvi au ni pamba. Alipofika picha ya mwisho akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: "Na mimi niko wapi?"

Nikamwambia, "Mkanda ujao, mama."

Mkanda uliofuata nikaenda nao Arusha. Uliofuata huo nikaenda nao Mombasa. Masika ya 1971 mama akaugua siku nne. Siku ya tano tukamzika.

Baada ya arubaini nikazitoa picha zote, nikazipekua usiku kucha. Nilitafuta uso wake nyuma ya watu, mlangoni, dirishani, popote. Sikuupata. Nilichopata ni hiki. Kishike, lakini kishike kwa kingo, usiguse katikati.

Huyu aliyesimama na miwani ya jua ni rafiki yangu. Sasa tazama pembeni, kushoto. Umeuona? Mkono. Unaanzia kwenye kiwiko, unaishia kwenye mpini wa birika. Bangili mbili za fedha. Na hapo juu ya kifundo pana baka, aliungua na mafuta ya kukaangia samaki kabla sijazaliwa. Alikuwa akipita na chai ya wageni, nikamwambia, "Mama, pisha, unaingia kwenye picha." Akapisha. Mkono ulichelewa kidogo.

Mama niliyebaki naye ni huo mkono.

Wanangu wakubwa, akiwamo mama yako, waliniuliza walipokuwa wadogo bibi yao alifananaje. Niliwaeleza. Alikuwa mrefu, mweupe kidogo, ana mwanya. Lakini maneno hayana uso, mwanangu. Siku hizi mimi mwenyewe nikifumba macho namwona akiwa na sura ya dada yake, kwa sababu dada yake aliishi miaka mingi baadaye akaifunika ile ya kwanza. Hilo ndilo linalonitisha. Nilidhani ninayemwona kila siku siwezi kumsahau.

Basi nakusihi. Usidhani nakukataza kusafiri, wala kupiga picha. Safari ni haki ya kijana, na picha ni kitu kizito kuliko mnavyoijua nyinyi mnaoipata bure.

Utazame mlima ule ule nilioupiga mimi kutoka Himo. Mjerumani Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889. Meyer alirudi mlimani mwaka 1898 akashangaa jinsi barafu ilivyokuwa imerudi nyuma kwa miaka tisa tu. Wataalamu waliopima baadaye walikuta kwamba kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu lilipungua kwa takriban asilimia 85. Wamejuaje? Kwa sababu watu waliuchora, wakaupima, wakaupiga picha, mwaka baada ya mwaka.

Au Beit al Ajaib ya Unguja. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, na sisi tuliokwenda Unguja kwa mashua tulianza kuiona kabla ya kuona watu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka. Msiba mkubwa. Lakini aliyetaka kujua ilivyokuwa, nguzo kwa nguzo, aliikuta katika picha za watu wa dunia nzima.

Mlima una wapiga picha elfu, mwanangu. Mama yako ana wewe tu.

Sasa nikuulize kuhusu Maziwe. Unayo picha yake, nimeiona jana: umelala kwenye fungu la mchanga mweupe, bahari pande zote, na chini umeandika "peponi." Ni pazuri, sikatai. Lakini unajua ulikuwa umelala juu ya nini?

Ulikuwa umelala juu ya msitu. Maziwe kilikuwa kisiwa chenye miti. Baba yangu alinichukua huko kwenye mtumbwi nikiwa mtoto, na tuliiona mivinje yake kutoka mbali kabla ya kuuona mchanga. Tulipika kivulini. Upepo ukipita kwenye mivinje unatoa sauti kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Usiku kasa walipanda kutaga, wakubwa, tukawa tunanyamaza ili wasirudi majini. Wapo waliosema baadaye miti ilimalizwa na shoka, wapo waliosema ni bahari. Mimi naona kila mmoja alichukua sehemu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha. Leo maji yakijaa fungu linazama, yakitoka linachomoza. Kasa bado wanarudi kutaga pale pale, na watu wa Ushongo inabidi wayahamishe mayai kuyaleta pwani kabla bahari haijayafunika.

Mimi nilikuwa na kamera miaka yote ile. Nilikuwa nayo mwaka 1969, mivinje bado imesimama. Sikupiga hata picha moja ya Maziwe. Kwa nini? Kwa sababu kisiwa kilikuwa kwetu. Kilikuwa pale tu, kila siku. Nani anapoteza mkanda kwa kitu kilicho pale tu?

Ninapowasimulia vijana wa leo habari za mivinje ya Maziwe, wananiitikia kwa adabu, lakini naona machoni hawaamini. Sina cha kuwaonyesha.

Kilicho mlangoni ndicho kinachoondoka bila kuaga. Mti wa jirani, kisima, duka la Mwarabu pale kona, sauti ya mama. Hata pantoni hii unayoipanda huku ukinuna kwa foleni: tangu walipoanza kujenga daraja, siku zake zimehesabiwa. Watoto wako watavuka mto huu kwa gari bila kupunguza mwendo, na watakuuliza pantoni ilikuwa kitu gani. Utawaonyesha nini? Utawaonyesha machweo ya Nungwi?

Pale Mji Mkongwe, Unguja, alikuwapo mtu aliyeitwa Ranchhod Oza, alifungua studio yake, Capital Art Studio, mwaka 1930. Alipiga watu wa mji aliokaa, barabara zake, majahazi yake, maharusi waliokuja na nguo zao bora. Baadaye mwanawe akaishika kazi. Leo mtu wa Unguja akitaka kumjua babu yake alivaaje kanzu, anakwenda kutazama picha za namna ile. Oza hakuhitaji kwenda mbali. Alifungua mlango wake asubuhi akatazama nje.

Neno jingine, nalo ni la majina.

Jana ulinionyesha mzee wa Kimasai, ulimpiga njiani kwenda Ngorongoro. Picha nzuri sana. Kila kunyanzi la usoni linaonekana, na nzi mmoja juu ya rubega. Nikakuuliza, anaitwa nani? Ukasema hukuuliza. Mjukuu wangu, umechukua uso wa babu wa watu ukaondoka nao, na jina ukamwachia barabarani. Na babu yule ana wajukuu ambao huenda hawana picha yake hata moja.

Na usidhani mimi nimetakasika. Huyu wa bugaluu, aliyesimama karibu na mkono wa mama yangu: geuza nyuma ya picha. Peupe. Sikuandika kitu, kwa kuwa niliona ni upuuzi kuandika jina la mtu ninayekula naye sahani moja. Sasa ni miaka zaidi ya hamsini. Ninalijua lakabu lake, tulimwita Sukari. Jina alilopewa na baba yake limenitoka. Nimewauliza wenzangu waliobaki, nao wanasema Sukari. Hata nikitaka kumwombea dua kwa jina lake, sina.

Picha isiyo na jina ni yatima aliyevaa nguo nzuri. Andika, mwanangu. Nani, wapi, siku gani. Kama ni ndani ya simu, andika humo humo. Kama ni karatasi, andika nyuma kwa penseli laini, kalamu ya wino huvuja ikaharibu uso.

Na zitoe nyingine kwenye karatasi. Nakuomba hilo kama naomba maji. Binamu yako alidondosha simu mtoni hapa hapa, akishuka kwenye pantoni, na humo mlikuwa na mtoto wake tangu anazaliwa mpaka anatembea. Alisimama ukingoni hadi jioni. Simu alinunua nyingine. Nyinyi mnasema picha ziko huko mawinguni; sawa, lakini siku utakaposahau neno la siri, wingu litakunyeshea nini? Huhitaji picha 4,000 kwenye karatasi. Chagua 20 kwa mwaka. Kuchagua ndiko kunakokufundisha ulipenda nini.

Nataka uniamini katika hili la mwisho linaloniuma. Mwaka juzi alifariki mzee mwenzangu, nyumba ya tatu kutoka hapa. Ana watoto saba, na kila mmoja ana simu. Walipotaka picha ya kuweka ukutani wakakuta hawana. Wanazo picha za harusi zao, za magari yao, za sahani za chakula walichokula hotelini. Baba yao yumo katika chache, mbali, ameinama, au amekatwa kichwa na fremu. Mwishowe wakachukua kitambulisho chake cha mpiga kura, wakakipeleka dukani kikakuzwa.

Imetundikwa pale sebuleni. Nenda ukaione. Mtu aliyekuwa akicheka mpaka mabegani, yuko ukutani na sura ya mtu aliyeamriwa asicheke. Wajukuu zake wataikuta hiyo, na watasema babu yetu alikuwa mkali.

Hicho ndicho kinachokungoja ukiendelea hivi. Siku moja, nakuombea iwe mbali, utarudi hapa na kiti hiki kitakuwa kitupu. Utafungua simu yako, au kitakachokuwa kimekuja badala ya simu. Utapita Ngorongoro, utapita Nungwi, utapita Chemka. Utapita picha 10,000 za mahali pazuri, na utakuwa unatafuta ukuta huu wa chokaa uliobanduka, huu unaouona sasa hivi ni aibu ya kuonyesha wenzako. Utatafuta hata kiwiko.

Nikuambie kitu kuhusu Chemka ambacho nadhani hukuambiwa na waliokupeleka. Maji yale uliyojirushia yanaingia mto Kikuletwa. Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Hapo unatoka mto mmoja, unapita Korogwe, unaanguka pale Hale, unajikokota kwenye mikonge na minazi, na mwisho unapita hapa, mbele ya baraza hili, umevaa rangi ya chai ya maziwa. Ni huu. Pantoni ile inaelea juu ya maji ya Chemka.

Ulisafiri mchana kutwa kwenda kuyapiga picha maji ya nyumbani, na ulipofika nyumbani ukasema mto ni mchafu. Si mchafu, umechoka. Kule juu wanauzuia kwa mabwawa na kuugawa mashambani, na huku chini chumvi ya bahari inapanda kuliko nilivyoijua mimi. Minazi ya kando ya mto imekatika vichwa. Hiyo nayo ipige. Ipige ilivyo, usiipambe rangi.

Mwanangu, piga na visivyopendeza. Piga mlango unaolia. Piga kitanda cha kamba. Piga mama yako akirudi kazini Dar, kabla hajavua kilemba, na mguu umevimba kwa kusimama. Mpige akikugombeza. Siku utakayokuwa huna wa kukugombeza, hiyo ndiyo picha utakayoitafuta kwanza.

Na kabla ya kupiga, tazama. Nakusihi sana, tazama kwanza kwa macho haya mawili uliyopewa. Jana machweo yalidumu muda wa kula kitumbua kimoja, na wewe ulikuwa ukihangaika na simu mpaka giza likaingia. Uliyaona lini?

Haya, basi lile linaingia. Liache lipakie.

Unasikia huko uani? Kwaru, kwaru, kwaru. Bibi yako yuko juu ya mbuzi, anakuna nazi ya wali utakaofungiwa uende nao njiani. Kaa mlangoni umtazame kidogo kabla hajakuona. Ana namna ya kugeuza kifuu kwa mkono wa kushoto bila kutazama, hiyo alifundishwa na mama yake kule Mkwaja, na sijamwona mwingine anayeijua. Usimwambie abadili kanga. Usimwambie asogee kwenye mwanga; sogea wewe. Akikuuliza kwa nini unampiga picha na jasho na machicha mpaka magotini, mwambie nimekutuma mimi.

Anza na uso. Halafu umwulize jina lake lote, la baba yake na la babu yake, uliandike, maana najua hulijui.

Na pantoni ikivuka bila wewe, iache ivuke. Ipo nyingine.